Nili na shibori: maswali yanayoulizwa kabla ya kwenda kwa fundi

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kujifunza kutia vitambaa rangi ya nili inayotokana na mmea, pamoja na ufungaji wa mapambo wa Kijapani uitwao shibori. Wengi wanaouliza tayari wanatengeneza batiki. Wengine hawajawahi kushika ndoo ya rangi. Soma swali linalokuhusu, si lazima uanzie juu.

Shibori ina tofauti gani na batiki ya kufunga tunayoifanya huku?

Kanuni ni moja. Unazuia rangi isifike sehemu fulani ya kitambaa kwa kufunga, kukunja, kushona au kubana, halafu unachovya. Tofauti ya kwanza ni udogo wa kazi. Fundi wa Japani anafunga vinundu vya mtindo wa kanoko kwa maelfu kwenye vazi moja la hariri, kila kinundu kikizungushiwa uzi kwa mkono, na kimono iliyojaa vinundu hivyo hadi pindoni inaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Tofauti ya pili ni rangi. Batiki zetu hutiwa rangi za kiwandani za kila namna. Shibori ya pamba ya zamani ilishikamana zaidi na nili, na nili haizami ndani ya kitambaa kama rangi nyingine. Inajipanga juu ya nyuzi, tabaka kwa tabaka. Ukifunga furushi nene kwa mazoea ya batiki, ukalifungua utakuta ndani peupe kabisa, rangi imeishia kwenye mikunjo ya nje. Ndiyo maana anayetumia nili hufunga kwa mikunjo myembamba, hulowesha kitambaa majini kwanza, na akishakitumbukiza huipekua mikunjo kwa vidole humohumo ndani ya maji ya rangi.

Nili ni mmea gani? Unaota kwetu?

Si mmea mmoja. Japani wanatumia Persicaria tinctoria, mmea mfupi unaopenda maji, na visiwa vya Okinawa wana wa kwao mwingine, Strobilanthes cusia. India ni Indigofera tinctoria. Wayoruba wa Nigeria wanatumia majani ya mti mtambazi waitao elu. Ulaya walikuwa na Isatis tinctoria kabla meli zilizobeba nili ya India hazijawaharibia soko.

Kwetu jibu ni ndiyo. Indigofera arrecta ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 mbegu zake zilipelekwa Java, zikalimwa huko kibiashara kwa sababu majani yake yanatoa rangi nyingi. Jamii ya Indigofera ina spishi mamia kadhaa hata hivyo, na nyingi hazina rangi ya maana. Usichume kila kijani chenye maua ya waridi kando ya barabara. Njia rahisi ya kujaribu ni kuponda majani mabichi na kuyasugua kwenye kitambaa cheupe, halafu uyaache yapigwe na hewa. Yenye nili yataacha alama inayogeuka kuwa ya samawati taratibu.

Video zipo kibao. Kwa nini nimlipe fundi?

Kufunga unaweza kujifunza kwa video. Nikisema hivi baadhi ya mafundi wananuna, lakini ni kweli. Mkono wenye subira, uzi mzuri na mazoezi ya jioni vitakufikisha mbali.

Kisichojifunzika kwa video ni pipa. Maji ya nili yana hali yake kila siku, na hali hiyo inasomwa kwa macho, pua na vidole. Mtazame fundi asubuhi akifunua pipa. Kabla ya kugusa kitambaa chochote anaangalia utando wa juu: ukiwa na mng'ao wa shaba nyekundu, na ukijikunja anapoupuliza, hiyo ni dalili njema. Anausogeza kando, anachota maji ya chini kwa kijiko cha mbao, anayamimina kwenye kisahani cheupe. Yakiwa ya manjano yenye ukijani au kahawia ya asali, kisha yakaanza kuwa ya samawati machoni pako, pipa liko tayari. Yakitoka ya samawati tangu mwanzo, rangi bado imelala. Halafu anasugua matone kati ya kidole gumba na cha shahada kusikia utelezi, kwa sababu utelezi unaeleza kiasi cha ukali wa magadi au chokaa uliobaki. Mwisho ananusa.

Baada ya hapo anaamua: tutie chokaa kidogo, tulipashe moto, tulilishe, au leo tuliache lipumzike na wanafunzi wakae chini wafunge tu. Uamuzi huo ndio unaoulipia. Kamera haipitishi harufu wala utelezi, na mtu wa kukwambia "hapo umekoroga sana, umeingiza hewa" lazima awe amesimama ubavuni kwako.

Kwa hiyo ukiona mafunzo ambayo mwanafunzi anafunga asubuhi, anamkabidhi msaidizi kitambaa, kisha anakirudishiwa jioni kikiwa tayari kimekauka, jua umelipia matembezi. Si vibaya, ila usiyaite mafunzo.

Ndani ya pipa kunatokea nini hasa?

Majani mabichi hayana rangi ya samawati. Yana kitu kisicho na rangi kiitwacho indikani. Majani yakilowekwa au yakipondwa, indikani inavunjika, kinachobaki kinakutana na hewa na kugeuka nili. Tatizo la nili ni kwamba haiyeyuki majini. Ukiikoroga kwenye ndoo utapata tope la samawati linalotua chini, na kitambaa utakachochovya kitachafuka tu, ukikifua kinarudi cheupe.

Ili ishike, lazima mambo mawili yafanyike kwa pamoja: maji yawe na ukali wa magadi, majivu au chokaa, na nili inyang'anywe oksijeni. Hapo inageuka kuwa ya manjano-kijani, inayeyuka, inaingia kwenye nyuzi. Ukitoa kitambaa, hewa inairudishia oksijeni na inagandia hapo kwenye nyuzi. Kitambaa kinatoka kijani kibichi kama jani changa, halafu samawati inaanza kwenye kingo na kutambaa kuelekea katikati. Ndani ya dakika chache kijani chote kimeondoka. Watu wazima hupiga kelele wakiona hili mara ya kwanza, na sijui kwa nini wakishaona mara nyingi bado wanasogea karibu kutazama.

Kutokana na hayo utaelewa amri mbili za kila fundi: usiingize hewa ndani ya pipa, na usichomoe kitambaa huku kikichuruzika matone kutoka juu. Kikamulie usawa wa maji, kisha kitoe.

Pipa la kuchachusha la Kijapani linatengenezwaje?

Linaanzia shambani, na shamba lenye jina ni mkoa wa Tokushima katika kisiwa cha Shikoku, uliokuwa ukiitwa Awa. Mto Yoshino ulikuwa ukifurika kila mwaka na kuleta udongo wenye rutuba. Mpunga uliharibiwa na mafuriko ya tufani, lakini nili ilivunwa kabla ya tufani kufika. Ndivyo mkoa ule ulivyotajirika.

Majani hukaushwa wakati wa kiangazi chao. Kuanzia mwezi wa Septemba hurundikwa ndani ya ghala, humwagiwa maji na kupinduliwa kila baada ya siku chache kwa takriban siku 100. Rundo linachacha na kupanda joto hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi. Mafundi huingia mle wakiwa wamefunga uso kwa kitambaa, maana amonia inachoma macho. Mwisho wake ni kitu cheusi kama udongo wa bustani, kiitwacho sukumo. Wanaotengeneza sukumo kwa njia hiyo leo wamebaki wachache sana.

Fundi wa rangi hununua sukumo, akaikanda kwa maji makali yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni, akaongeza chokaa, pumba za ngano na pombe ya sake kidogo. Hakuna dawa nyingine. Bakteria waliomo ndio wanaoinyang'anya nili oksijeni, na pumba na sake ni chakula chao. Pipa hutunzwa katika joto la nyuzi 20 hadi 30, hukorogwa mara moja kwa siku, na baada ya wiki moja au mbili povu la samawati-zambarau hujikusanya katikati. Wajapani huliita ua la nili. Aliyekulia kwenye nyumba ya kupika togwa au mbege ataelewa upesi: kuna siku linachangamka, kuna siku linanuna, na halipendi kufanyiwa kazi mfululizo bila mapumziko.

Sina sukumo wala miezi ya kusubiri. Kuna njia ya mkato ya asili?

Ipo, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Michel Garcia, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, ndiye aliyeieneza duniani, na inajulikana kwa hesabu yake ya 1, 2, 3: sehemu moja ya unga wa nili, mbili za chokaa iliyozimwa, tatu za sukari ya matunda. Kwa ndoo ya lita 10 chukua gramu 50 za nili, 100 za chokaa, 150 za fruktosi.

Nili ndiyo inayosumbua kwanza, kwa sababu unga wake unaelea na kukataa maji. Tia unga kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, mimina maji ya moto kidogo na gololi chache za watoto, funga kifuniko, tikisa hadi unga wote uwe uji laini. Mimina kwenye ndoo yenye maji moto, yanayochoma mkono lakini hayachemki. Tia fruktosi, koroga. Tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga polepole kwa kuzungusha, bila kupigapiga. Funika. Baada ya robo saa koroga tena. Ndani ya saa moja au chache utaona utando wa shaba juu na maji ya kahawia-manjano chini yake. Subiri mashapo ya chokaa yatue, kwa sababu kitambaa kikigusa mashapo kitatoka na mabaka.

Fruktosi ikikosekana, tumia asali, au ndizi zilizoiva sana ulizozichemsha na kuchuja, au maji ya tende. Hapa huwezi kupima gramu kwa uhakika, unasoma ndoo. Sukari nyeupe ya chai haifai, haina uwezo wa kunyang'anya oksijeni. Watu hubishana nami kuhusu hili kila mara hadi wanapomaliza kilo nzima.

Chokaa iwe mpya na mfuko uwe umefungwa. Iliyokaa wazi dukani hunyonya hewa na kugeuka unga usio na nguvu, hata kama kwa macho ni ileile.

Je, haidrosalfaiti na kostiki soda tunazotumia kwenye batiki zinafaa?

Zinafanya kazi, na kwa haraka. Kama umewahi kutengeneza batiki kwa dawa hizo basi kanuni ya nili unaijua tayari, ila hukuambiwa jina lake: haidrosalfaiti inaondoa oksijeni, kostiki inaleta ukali. Pipa liko tayari chini ya saa moja.

Sizipendi kwa darasa, na sababu ni za kawaida tu. Haidrosalfaiti ikipata unyevunyevu mfukoni hupata moto yenyewe na inaweza kuwaka. Ikikutana na siki au tindikali yoyote inatoa gesi inayokaba kifua. Kostiki inachoma ngozi na jicho. Ukizitumia, fanyia kazi nje au penye upepo, vaa glavu na miwani, tia kostiki kwenye maji na kamwe usitie maji kwenye kostiki. Kwa sufu na hariri achana na kostiki kabisa, zitaharibika.

Kitambaa gani kinafaa?

Pamba, kitani, hariri, sufu. Rahisi kuliko vyote ni pamba nyeupe isiyo na nakshi, na ile marekani ya jora inayouzwa kwa mita inafaa sana. Poliesta haishiki nili. Vitambaa vingi madukani vimechanganywa, na muuzaji atakuapia kuwa ni pamba tupu, basi choma uzi mmoja: pamba inawaka na kuacha jivu laini linalosagika, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kosa kubwa linafanyika kabla ya rangi. Kitambaa kipya kina wanga na mafuta ya kiwandani. Kichemshe kwa saa moja hivi katika maji yenye sabuni na magadi soda kijiko kikubwa kwa kila lita tano, suuza, rudia kama maji bado ni ya njano. Hariri na sufu usizichemshe, ni maji ya vuguvugu na sabuni laini tu. Kitambaa kilichochemshwa vizuri ukikidondoshea tone la maji linanyonywa papo hapo. Likibaki juu likizunguka, rudi jikoni.

Nianze na mtindo gani wa kufunga?

Itajime. Unakunja kitambaa kama akodioni, kisha mara ya pili kuwa mraba au pembetatu, unakibana kati ya vipande viwili vya mbao kwa kamba au klampu. Palipobanwa hapapati rangi. Hata aliyeanza leo anapata kitu cha kuvaa.

Baada ya hapo arashi, maana yake tufani, kwa sababu mistari yake inafanana na mvua ya upepo. Kitambaa kinazungushwa kwa mshazari kwenye mti mrefu, uzi unapitishwa juu yake, kisha vyote vinasukumwa kuelekea mwisho mmoja hadi kitambaa kijikunje. Mtindo huu ulibuniwa na Suzuki Kanezo mwaka 1880, na miti yake ilikuwa ya mita nne hivi. Nyumbani kipande cha bomba la maji la plastiki kinatosha.

Anayependa sindano aende kwenye nui, yaani kushona. Unapitisha mishono mikubwa kufuata mchoro, unavuta nyuzi zote hadi kitambaa kijikusanye, unafunga fundo. Mishono ya mistari sambamba ukiipishanisha kidogo inatoa sura ya mbao iliyopasuliwa, wanaiita mokume. Tumia uzi imara, ule wa kushonea viatu au wa poliesta, na uache mkia mrefu. Hakuna kinachokera kuliko uzi kukatika ukiwa umebakiza mshono wa mwisho kuvutwa.

Kumo, ule wa utando wa buibui, na kanoko, viache hadi vidole vizoee.

Arimatsu ni wapi, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni mji mdogo uliomezwa na jiji la Nagoya, unafikika kwa treni ya Meitetsu. Ulianzishwa mwaka 1608 kando ya barabara kuu ya Tokaido, iliyounganisha Kyoto na Edo, ambayo leo ni Tokyo. Ardhi yake haikufaa sana kwa kilimo, hivyo walowezi wa kwanza, akiwemo Takeda Shokuro, walihitaji kitu cha kuwauzia wasafiri. Wakatengeneza taulo ndogo za pamba zilizofungwa na kutiwa nili. Kwa masimulizi ya pale, mtindo wa miura, ambao uzi unazungushwa bila kupigwa fundo, uliletwa na mke wa tabibu aitwaye Miura kutoka kisiwa cha Kyushu. Karibu mitindo 100 imewahi kufanywa mjini humo, na mwaka 1975 serikali ya Japani iliitambua rasmi kama kazi ya mikono ya jadi.

Jambo la kujua kabla hujafunga safari: Arimatsu kazi imegawanywa. Kwa kawaida kila mfungaji ana mtindo wake mmoja, aliorithi nyumbani, na kitambaa chenye mitindo mitatu kinazunguka nyumba tatu. Mchoraji anatoboa karatasi ngumu na kupiga alama kwa rangi ya ua la aobana, ambayo inatoka kwa maji. Wafungaji wanafunga. Mtia rangi ni mwingine. Wapo pia wa kufungua nyuzi, kazi yenye mbinu zake kwa sababu ukivuta vibaya unapasua kitambaa. Kwa hiyo ukitaka kukaa na mtu mmoja akufundishe kila kitu kuanzia jani hadi shuka, Arimatsu si mahali pake pa kwanza. Ukitaka kuona mkono uliofanya kitu kimoja kwa miaka 60, nenda.

Jengo la maonyesho la pale, Arimatsu-Narumi Shibori Kaikan, huwa na akina mama wazee wanaofunga mbele ya wageni, na huwa na madarasa mafupi. Kwa upande wa rangi, kule Tokushima jumba la makumbusho la Ai no Yakata, mji wa Aizumi, linawaruhusu wageni kuchovya. Hizi ni saa chache. Mafunzo ya wiki au miezi hupangwa na karakana yenyewe kwa barua, na mara nyingi wanataka kuona kazi zako kwanza. Viza ya Japani anza kuishughulikia mapema, na uwe na barua ya mwenyeji mkononi.

Fundi mzee wa Kijapani hasemi Kiingereza, mimi sisemi Kijapani. Tutaelewana?

Mikono itaelewana. Muite sensei, fika kabla ya muda, vua viatu unapoona vimevuliwa, na usiguse pipa hadi uambiwe. Kwa aliyelelewa kuamkia wakubwa, adabu ya karakana haitamshinda. Kitakachokusumbua ni kwamba maelezo ni machache. Anafanya, unatazama, unajaribu, anafungua ulichofunga bila neno na kukurudishia. Hajakasirika.

Ni lazima Japani?

Hata kidogo. Kwa nili, Afrika Magharibi ina mafundi wa kiwango chochote unachotaka, na bara ni letu. Wayoruba wa Abeokuta na Osogbo wana adire, ambayo ina kufunga, kushona kwa sindano, na kuchora kwa uji wa muhogo unaozuia rangi. Nike Davies-Okundaye amefundisha mamia ya watu kwenye kituo chake cha Osogbo. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuna mashimo ya rangi ya Kofar Mata ambayo kwa mapokeo yanahesabiwa tangu 1498. Mali kuna Aboubakar Fofana, aliyefufua mapipa ya kuchachusha majani mabichi na anayeheshimiwa hata na Wajapani.

Kwetu pwani kulikuwa na kaniki, pamba iliyozamishwa kwenye nili hadi ikakaribia weusi. Nyingi ilitoka India, nyingine ilikuwa merikani iliyotiwa rangi hukuhuku, na katika karne ya 19 ilikuwa vazi la wanawake wengi, hasa watumwa na wasio na uwezo, kabla ya kanga kutawala. Oman nako, Bahla na Nizwa, walikuwepo watia rangi wa nili. Ukiwa na bibi au shangazi mwenye kumbukumbu za huko, muulize kabla ya kununua tiketi.

Nitajuaje nili niliyouziwa ni ya mmea?

Kwa macho hutajua. Mkemia Adolf von Baeyer aliitengeneza maabara, kampuni ya BASF ikaanza kuiuza mwaka 1897, na kwa kemia kilichomo ni kilekile. Jinzi unayovaa imetiwa hiyo ya kiwandani. Dalili mojawapo ni kwamba unga wa mmea una masalia ya majani na udongo, rangi halisi ndani yake mara nyingi haifiki nusu, wakati wa kiwandani ni karibu rangi tupu. Ukiona unga wa bei ya chini sana na mkali ajabu, umeshapata jibu.

Na ile bluu ya kufulia nguo nyeupe?

Hapana. Kwa kawaida ni ultramarini, unga mwingine wa samawati usio nili. Haitashika.

Kwa nini kitambaa changu kinachujuka na kupaka ngozi?

Kwa sababu ulitaka samawati ya usiku kwa mchovyo mmoja mrefu. Nili nyingi ilikaa juu bila kushika. Chovya dakika mbili au tatu, toa, fungua mikunjo hewani hadi kijani chote kiishe, rudia. Samawati nzito ni michovyo minane, kumi, hata zaidi, kwenye pipa lisilo na nguvu sana. Ukimaliza, suuza kabla ya kufungua nyuzi ili rangi iliyolegea isikimbilie kwenye sehemu nyeupe. Kisha loweka kwenye maji yenye siki kidogo kuua ukali wa chokaa, ila siki isikaribie pipa la haidrosalfaiti. Mwisho fua kwa sabuni hadi maji yawe safi. Baada ya hapo kitapauka polepole miaka na miaka, na wengi wanakipenda zaidi kikifika hapo.

Nina mtoto wa miaka tisa. Naweza kumleta? Na mjamzito?

Mtoto afunge, abane, afungue. Pipani amsindikize mtu mzima, avae glavu, na chokaa asiiguse, hasa unga wake, maana ukiingia jichoni unaunguza. Mjamzito akae mbali na mvuke wa haidrosalfaiti na vumbi la chokaa, na amuulize daktari wake. Mikono yako wewe, usipovaa glavu, itakuwa ya samawati siku kadhaa, kucha zaidi.

Niulize nini kabla ya kulipa?

Pipa ni la aina gani, na ni nani atakayelisoma: mimi au msaidizi? Tutakuwa wangapi kwenye pipa moja? Mkizidi watu watano au sita, kufikia mchana limechoka na wa mwisho wanapata kijivu. Nitaanzisha pipa langu mwenyewe tangu unga hadi utando, au nitakuta limeshaiva? Nikirudi nyumbani likagoma, naruhusiwa kupiga simu? Fundi anayejibu swali la mwisho kwa ndiyo ana thamani kuliko mwenye cheti cha rangi nne ukutani. Uliza pia kama vitambaa viko ndani ya bei, vinginevyo siku ya kwanza itaanzia dukani.

Nimemaliza kazi, pipa nalifanyaje?

La sukari ya matunda likifunikwa linakaa wiki nyingi. Likilala na kugeuka samawati, lipashe moto, tia fruktosi kidogo, koroga, subiri. Likikataa, angalia utelezi. Likiwa halitelezi ongeza chokaa nusu kijiko.

Ukitaka kulimwaga kabisa, liache wazi siku kadhaa ukilikoroga kwa nguvu, safari hii hewa ndiyo unayoitaka. Nili iliyobaki itagandamana na kutua chini pamoja na chokaa. Chota maji ya juu, yapunguze ukali kwa siki na maji mengi, na usiyamwage mtoni wala penye samaki. Pipa la sukumo lililoishiwa rangi Wajapani hulimwaga shambani kama mbolea. Tope la chini la ndoo yako likaushe kwenye sinia, lisage na ulihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, linaingia kwenye pipa lijalo.